Mukai Akiuliza, Unajibu

Ukipita Shauri Moyo leo utaambiwa Muoki alikamatwa na jini. Ati jini la msichana lilitoka kwenye televisheni, likamkaba koo mbele ya watu, akaanza kutapika maneno. Wanaoeneza hayo ni watu wa mitaa ya Tena na Umoja ambao hata hawakuwepo. Mimi Triza, muuza chapati, nilikuwepo. Nilikuwa nimeketi nyuma kabisa, kwenye mlango mdogo, na nakuambia hakukuwa na jini lolote. Kulikuwa na Mukai.

Tuanze na Mukai basi, maana watu wanapenda kumalizia hadithi kabla hawajajua mwenyewe ni nani.

Baba yake alikuwa mchonga vinyago kutoka Mwala. Alimleta mjini akiwa mdogo, wakaishi chumba kimoja hapa Shauri Moyo, kimejaa twiga wa mbao wasio na masikio. Kazi ya mtoto ilikuwa kusugua twiga kwa msasa. Mikono ikifanya kazi, mdomo haukuwa na kazi, kwa hiyo aliwapa twiga sauti. Huyu mchungaji, huyu askari wa kanjo anayefukuza wachuuzi, huyu mama mkwe aliyenyimwa chai. Mzee alikuwa akicheka hadi patasi inamteleza. Alipokua akaenda kuuza mitumba soko la Gikomba, akawa anasimama juu ya rundo la nguo na kuita wateja, na sauti yake ilikuwa inavuka barabara. Muoki alimsikia huko.

Muoki alikuwa na kibanda cha video, cha mabati, nyuma ya vibanda vya mapazia. Unajua muvi za Wazungu na za Wachina, nani ana haja ya kusoma yale maandishi ya chini? Mukai alikuwa anapunguza sauti ya muvi, anashika maikrofoni, anaanza kutafsiri. Kutafsiri nakuita mimi kwa heshima. Hakujua Kichina hata neno. Aliangalia nyuso na mikono, akaelewa ni nani mwongo na ni nani anamtaka mke wa nani, akawapa wote majina ya hapa hapa mtaani. Mfalme wa China aliitwa Siyad kwa sababu alikuwa na ndevu za Mzee Siyad anayeuza mapazia. Jambazi la Marekani liliitwa Muoki, na Muoki mwenyewe alikuwa akifurahi hadi anapiga mapaja.

Sisi watazamaji alituita kijiji. "Kijiji!" "Tupo!" "Macho?" "Kwako!" Hapo ndipo inaanza. Na katikati ya muvi alikuwa anauliza. "Mwizi amejificha wapi?" Chini ya kitanda! "Bisu analo nani?" Shemeji! Mukai akiuliza, unajibu. Haraka, bila kufikiria, wote kwa mpigo. Ukinyamaza anasimamisha picha: "Wewe wa shati la kijani, mke amekukataza kuongea?" Kibanda kizima kinakugeukia. Hakuna aliyetaka aibu hiyo, kwa hiyo kwa miaka mingi vinywa vya Shauri Moyo vilizoea. Lishike hilo, tutalirudia.

Mukai alikuwa na mtoto mmoja tu, Ndunge. Msichana mrefu, mcheshi, aliyekuwa ananiita "Auntie Chapo" na kula moja kabla ya kununua moja. Alikuwa anajifunza kazi ya mama yake. Jumapili moja alasiri Mukai alikuwa na mafua, koo limekauka kabisa, Ndunge akasema leo nitashika maikrofoni mimi. Mimi siku hiyo nilikuwa kwetu Mumias kwenye mazishi, na mpaka leo sijamsamehe aliyekufa.

Muoki alikuwa na tabia moja. Muvi ikianza, anafunga mlango kwa nje na kufuli. Kwanza ili watu wasipenye bila kulipa. Pili, akipita mtu wa leseni aone stoo iliyofungwa, aende zake. Siku hiyo akafunga, akatia ufunguo mfukoni, akaenda kula nyama choma. Waya ukashika moto nyuma ya mashine. Watu walikimbilia mlango, mlango haukuenda popote. Wengine wakararua mabati ya nyuma kwa mikono, wakatoka wakiwa wamechanika. Ndunge alikuwa mbele, upande wa mlango na mashine, moto ukamkata na wale wa nyuma. Walimkuta mlangoni, ngumi zake zimevimba.

Sasa sikia ushenzi. Uchunguzi ulipoitishwa kortini, Muoki alisimama na suti akasema mlango ulikuwa wazi, watu ndio walisukumana. Akasema hajawahi kuweka kufuli maishani mwake. Siyad, ambaye kibanda chake kinatazamana na mlango ule, akaapa vivyo hivyo. Muoki alikuwa mwenyekiti wa vibanda, na angeweza kumtoa Siyad pale kabla ya jua kutua. Wengine wote? "Sikuona." "Kulikuwa na moshi." "Mimi nilikuwa nimelala." Kulala kwenye muvi ya kung fu! Ikaandikwa ajali.

Mukai alikuwa ameokota kufuli kwenye majivu. Jeusi, limepinda kidogo, na bado limefungwa. Alilipeleka kwa afisa wa polisi. Afisa akaligeuza mkononi akamwambia, "Mama, Shauri Moyo nzima ina makufuli. Kufuli si shahidi." Akamrudishia.

Tangu siku hiyo Mukai hakushika maikrofoni. Alirudi Gikomba kuuza nguo kimya kimya, na muuza mitumba asiyeita hauzi. Na mtaa ukafanya jambo ambalo liliniuma kuliko yote. Watu waliacha kumwita Mama Ndunge. Wakaanza kumwita Mukai, Mukai, kama msichana asiyewahi kuzaa. Waliogopa kulitamka jina la yule mtoto. Mimi tu niliendelea kumwita hivyo nikiongea naye, na Shamso jirani yangu, mjane wa Wehliye, ambaye alikuwa akija kuketi naye kila Ijumaa baada ya sala, hasemi kitu, anamenya viazi tu.

Miaka ikapita. Mwaka jana Muoki akajenga ukumbi mpya, wa mawe safari hii, televisheni kubwa ukutani, viti vya plastiki vyekundu. Ukakaa mtupu. Vijana wana simu zao, wanaangalia muvi wakiwa kwenye foleni ya choo. Watu wazima walisema wazi: bila sauti ya Mukai hiyo si muvi, hiyo ni taa. Basi Muoki akaja, sina utani, akaja hadi mlangoni kwa Mukai na unga, sukari na mafuta ya kupikia kwenye mfuko.

"Mama," akasema, "yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

Nilikuwa ndani nakunywa chai. Nilitaka kummwagia. Mukai akaupokea ule mfuko kwa mikono miwili.

"Nitarudi," akasema. "Lakini muvi nachagua mimi. Na siku ya kwanza, wote waliokuwa kwenye kibanda kile cha zamani waingie bure. Na Siyad akae mbele."

"Hiyo ni biashara safi!" Muoki akasema, akaondoka anapiga mluzi.

Nilimlipukia Mukai. "Unga wa mtu aliyemfungia mwanao! Utaula?"

"Unga hauna kosa," akasema.

Aliupika ugali jioni ile ile, na aliumaliza.

Kwa wiki nzima aliangalia muvi moja tu, kwa simu, bila sauti. Nilichungulia. Ilikuwa ya kutisha. Mji mdogo wa Wazungu, nyumba nyeupe, maua madirishani, watu wanatabasamu sana. Zamani tajiri wa mji alimfungia msichana kwenye ghala la ngano, msichana akafa, na mji mzima ukakubaliana kusema alitorokea jiji la mbali. Sasa amerudi. Anapita nyumba kwa nyumba, anauliza swali moja, na kila anayemdanganya anaanza kukohoa. Anakohoa, anafungua mdomo, inatoka ngano. Punje, kisha konzi, kisha inamwagika hadi inamziba pumzi.

"Mji mbaya huo," nikamwambia.

"Unaujua," akasema.

Jumapili ile nilimkuta anafunga mkoba. Maikrofoni yake ya zamani, chupa ya maji, na lile kufuli.

"Mama Ndunge, unataka kufanya nini? Kumfungia? Kumchoma?"

"Nataka aseme," akajibu. "Aseme kwa mdomo wake kwamba mlango ulikuwa na kufuli. Sitaki kitu kingine duniani."

"Na asiposema?"

"Kijiji kitaanza." Akanishika mkono. "Triza, ule ukumbi una mlango mdogo nyuma, kando ya choo. Nimeenda asubuhi nikatoa komeo. Wewe kalia pale. Ukinusa hata njiti ya kiberiti, sukuma, watu watoke. Lakini yuko mtu mmoja, huyo asipite hapo."

Sikuuliza ni nani.

Ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama kando ya kuta. Wote wa zamani walikuja, wamenenepa, wamezeeka, wengine na wajukuu. Siyad mbele na kofia yake nyeupe. Muoki katikati, kwenye kiti chenye mto, anasalimia watu kama mgombea. Taa zikazimwa, na mimi nikasikia nje, kwa masikio yangu, mlango mkubwa unavutwa na kufuli linafungwa. Hakubadilika! Amejenga kwa mawe, amenunua televisheni ya ukubwa wa kitanda, na bado anatufungia kwa nje. Aliyefunga ni Mumo, binamu yake, anayelinda mlango.

"Kijiji!" Mukai akaita.

Jamani, ile sauti. Miaka yote hiyo, na haikuwa imepata kutu hata kidogo. Watu walilipuka. "Tupo!"

"Macho?"

"Kwako!"

Alianza kwa mzaha. Akawapa majina. Mchungaji wa mji, mwenye meno makubwa, akampa la mchungaji wetu, watu wakacheka hadi kiti kimoja kikavunjika. Mwenye duka mzee akamwita Siyad, na Siyad mwenyewe akainua mkono. Tajiri mwenye ghala, "huyu mnamjua, huyu ni Muoki!" Muoki akapiga mapaja kama zamani. Kisha akaonekana msichana, kwa mbali, kwenye shamba la ngano.

"Mpe jina!" watu wakapiga kelele.

"Huyu mtampa nyinyi," Mukai akasema, akaendelea.

Muvi ikaanza kuwa mbaya. Mke wa mchungaji akadanganya, ngano ikamtoka. Karani akadanganya, ngano. Watu walikuwa wanapiga mayowe na kufurahia, ndiyo raha ya kutishwa ukiwa wengi. Mukai akawa anauliza vya kawaida. "Nani anafuata?" Karani! "Amejificha wapi?" Kabatini! Vinywa vikapata moto. Ndipo ikaja ile sehemu ya zamani, jinsi ilivyotokea. Tajiri anamsukuma msichana ghalani. Anafunga mlango.

"Kijiji! Mlango una kufuli au hauna?"

"Unaaa!"

"Ndani au nje?"

"Nje!"

"Ufunguo anao nani?"

"MUOKI!"

Watu karibu mia, kwa mpigo mmoja. Hakuna aliyefikiria. Neno lilipokwisha kutoka ndipo walipolisikia, na kicheko kikakatika. Mukai akasimamisha picha. Uso wa msichana ulikuwa ukutani, mkubwa, macho yanatutazama.

"Na huyu," akasema polepole, "anaitwa nani?"

Nikaona watu wanaangalia viatu vyao. Mimi nilikuwa najua jibu, lakini halikuwa langu. Mukai alingoja. Akiuliza, unajibu, wote walijua hivyo, na hakuna aliyejibu, hadi Shamso akasema kutoka kando ya ukuta, "Ndunge."

"Sijasikia."

"Ndunge!" Sasa ni watu wengi. Mama mmoja mbele yangu akaanza kulia kwa sauti.

Siyad alikuwa anakohoa. Wale wa Tena wanasema ni ngano ilikuwa inamtoka. Ngano gani? Ni mate na uzee na miaka ya kumeza uongo. Alisimama, ameziba mdomo kwa kofia yake, kisha akaitoa.

"Wallahi," akasema, "niliapa uongo. Kufuli nililiona. Nilimwona anafunga, nilimwona anakwenda. Nilimsikia yule mtoto anagonga, na nikajaribu kulivunja kwa jiwe nikashindwa. Dada, nilimsikia."

Mwanamke mmoja, Whitney, anayetengeneza nywele, alikuwa ameshainua simu anarekodi. Muoki akasimama. "Zimeni huu upuuzi! Huyu mama amerukwa na akili!" Akaenda mlangoni, akasukuma. Mlango ni wa chuma siku hizi. Akagonga.

"Mumo! Fungua!"

Mumo akajibu kutoka nje, na tulimsikia vizuri. "Boss alisema nisifungulie mtu mpaka muvi iishe!"

"Ni mimi boss!"

"Wote husema hivyo!"

Siku nyingine tungecheka hadi kesho. Muoki akageuka, akaukumbuka mlango wa nyuma, akaja mbio kati ya viti. Akanikuta. Huu mwili Mungu hakunipa bure. Niliujaza mlango wote nikakunja mikono.

"Triza, nipishe."

"Una ufunguo?" nikamwuliza.

Akarudi mbele. Alikuwa amelowa jasho, anavuta kola ya shati. Hakukuwa na moto, hakukuwa na moshi, lakini mwili unajua ulichokitenda. Akaanza kupiga mlango kwa ngumi zote mbili. "Mumo! Fungua kufuli! Nakosa pumzi! Fungua hilo kufuli!"

"Kufuli gani, Muoki?" Mukai akauliza kwenye maikrofoni.

Akaacha kugonga, akageuka.

"Uliapa hujawahi kuweka kufuli maishani mwako. Basi unamwambia Mumo afungue kitu gani?"

Mukai akashuka pale mbele, akapita kati yetu na maikrofoni yake, waya unamfuata. Watu wakampisha. Vijana wawili walikuwa wameinuka, najua walichotaka kufanya, huu mtaa ninaujua. Mukai akawatazama. "Asiguswe. Namtaka mzima." Akafika kwake, akatoa kufuli jeusi mkobani, akamwekea kiganjani. Muoki alilitazama kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

"Nimekuuliza," Mukai akasema.

Na Muoki akajibu. Hata yeye kinywa chake kilizoea, alikuwa kijiji kama sisi. "Nilifunga mimi," akasema. "Nilifunga kwa nje, ufunguo ukawa mfukoni mwangu. Nilisikia watu wanapiga kelele za moto nikiwa bado nakula, nikadhani ni wa mtaa mwingine. Nikamaliza kwanza kula."

Hilo la kumaliza kula hata Mukai hakulijua. Nilimwona alivyolipokea. Alifumba macho, akayumba kidogo, Shamso akamshika kiwiko.

Muoki akapiga magoti. "Mama Ndunge," akasema, mara ya kwanza tangu tumzike yule mtoto, "nimeshasema. Mwambie Mumo anifungulie. Tafadhali, Mama Ndunge. Siwezi kupumua humu."

Whitney alikuwa bado anarekodi. Rekodi hiyo ndiyo iliyofungua faili upya, pamoja na Siyad aliyekwenda kituoni Jumatatu kwa miguu yake, na ndiyo sababu Muoki yuko rumande sasa hivi, anakula ugali wa serikali. Lakini hayo ni ya baadaye. Pale pale, Mukai angeweza kumwita Mumo, na Mumo angefungua, maana sauti ya Mukai anaijua.

Hakumwita. Alirudi mbele taratibu, akaketi kwenye kiti chake, akanywa maji, akaiendesha picha pale ilipoishia.

"Ngoja kama alivyongoja yeye," akasema. "Muvi haijaisha. Kijiji!"

"Tupo, Mama Ndunge!"

"Macho?"

Na sisi wote, badala ya kutazama ukutani, tukageuka tukamtazama Muoki mlangoni, hadi mwisho.